Mikate ya Malkia wa Mbinguni

Bibi yangu mzaa mama, kule Muheza, alikuwa na Biblia aliyoivisha kipande cha kanga kwa sababu jalada lake lilishang'oka zamani. Macho yalipoanza kumchoka, kazi ya kumsomea ikawa yangu kila likizo. Hakuwa mtu wa kuchagua vipande vitamu. Tulikwenda sura kwa sura, kama anayepalilia tuta kwa tuta, na zamu yako ikiangukia orodha za ukoo katika Mambo ya Nyakati, shauri yako. Likizo ya Desemba nilipokuwa darasa la sita, mimi ikaniangukia Yeremia.

Sura ya 7 ndiyo iliyonisimamisha. Nabii anaonyeshwa yanayotendeka kwenye mitaa ya Yerusalemu: watoto wanaokota kuni, baba zao wanawasha moto, mama zao wanakanda unga, na mikate yenyewe ni ya malkia wa mbinguni. Najua nilipaswa kuona maovu. Nilichokiona ni uani kwetu. Mimi ndiye niliyeokota kuni asubuhi ile.

"Bibi, huyu malkia ni nani?"

Alikuwa mkekani, ungo mapajani, anachambua mchele. "Sanamu tu. Endelea, mke mwenzangu."

"Na mikate yake ilikuwa mitamu?"

Akacheka mpaka mchele ukamwagika. "Isingekuwa mitamu wangeacha wenyewe, nabii asingepata kazi. Soma."

Hivyo ndivyo nilivyokutana na miungu wa kike: wakiwa wamekwisha kupigwa marufuku. Ashtorethi nilimkuta akiwa kosa la uzeeni la mfalme Sulemani. Ashera nilimkuta anakatwa na kuchomwa moto. Artemi nilimkuta katika Matendo ya Mitume, katikati ya ghasia. Rafiki yangu wa nyumba ya tatu, aliyekuwa akienda chuoni kusoma Kurani kila jioni, aliposikia najigamba kwa majina hayo akanijibu kwamba hata kwao wako, tena watatu, na wametajwa katika Sura An-Najm: Lata, Uzza na Manata. Zaidi ya hapo naye alijua jambo moja tu, kwamba walivunjwa. Tukalinganisha kama watoto wanaolinganisha gololi: wenu alivunja nani, wetu alivunja nani.

Nimeishi na swali lile la mikate kwa miaka mingi, na kila nilipolifuatilia nimegongana na jambo lile lile. Wengi wetu tunaosoma Kiswahili tumewapokea miungu hawa kutoka kwa mahasimu wao. Ni kama kumjua mtu kwa maneno ya mtalaka wake. Huenda kila neno ni la kweli, lakini hutajua alikuwa anachekaje.

Lugha nayo haikunisaidia. Biblia ya bibi ilisema "mungu mke", na kwa sikio langu mke ni mke wa mtu, kwa hiyo kwa muda mrefu nilidhani Artemi ana mume ambaye hakutajwa kwa sababu za heshima. Baadaye nikajua kwamba Kiebrania cha Biblia nacho hakina neno la mungu wa kike. Pale Sulemani anapomfuata Ashtorethi wa Wasidoni, neno lililoandikwa ni lile lile la kiume. Na jina lenyewe lina mkono wa mtu ndani yake. Wataalamu wengi wanaona kwamba waandishi walichukua konsonanti za Ashtart, jina lake halisi, wakazivisha irabu za *bosheth*, yaani aibu. Kila mara nilipolitamka kwa sauti mbele ya bibi, nilikuwa namtukana mtu bila kujua.

Ashtart huyo ana ukoo mrefu. Wayunani walimwita Astarte. Ndugu yake wa Babeli na Ashuru ni Ishtar, na nyuma ya Ishtar kuna Inanna wa Wasumeri, ambaye kiti chake kilikuwa Uruk, kusini mwa Iraki ya leo. Huyu Inanna ndiye aliyenimaliza. Watu wakisikia "mungu wa kike" hufikiria mama mnene anayenyonyesha ulimwengu. Inanna hanyonyeshi mtu. Mambo yake ni mapenzi na vita. Kuna utenzi unaosimulia alivyokwenda Eridu kumtembelea Enki, mungu wa hekima, wakakaa kunywa pombe, mzee akalewa, na katika ukarimu wa ulevi akamgawia mgeni wake zile zinazoitwa *me*, yaani nguvu na taratibu zote zinazofanya mji uwe mji: ufalme, useremala, uandishi, hata udanganyifu umo. Enki anapozindukana, Inanna yuko kwenye mashua anarudi Uruk na mzigo wake. Wanatumwa watu kumfuata, hawaambulii kitu.

Nyota yake ni ile inayong'aa kuliko nyota zote jioni au alfajiri, ambayo sisi tunaiita Zuhura. Darasani tulikuwa na akina Zuhura wawili, na hakuna aliyetuambia kwamba wanabeba jina la nyota ya malkia. Wababeli waliitazama kwa macho ya wahasibu. Kuna kumbukumbu zao, kutoka enzi ya mfalme Ammisaduqa, zinazofuata kuonekana na kupotea kwa Zuhura kwa miaka 21. Huwaka magharibi jioni, ikashuka kidogo kidogo, kisha siku chache haionekani kabisa, halafu unaamka alfajiri unaikuta mashariki.

Baadhi ya wasomi wanaliona tendo hilo la angani nyuma ya utenzi mwingine, ule wa Inanna kushuka kuzimu kwa dada yake Ereshkigal. Kuna malango 7, na kwenye kila lango bawabu anamvua kitu: taji, shanga za lazuli, lile jiwe la buluu, pete ya dhahabu, mpaka kanzu ya kifalme. Akiuliza, anaambiwa anyamaze, ndiyo desturi ya kuzimu. Anafika mbele ya dada yake uchi, anauawa, maiti yake inatundikwa kwenye ndoano. Baada ya siku tatu mtumishi wake Ninshubur anaanza kulia mlango kwa mlango kwa wakubwa wa miungu. Wote wanampa kisogo isipokuwa Enki, yule yule aliyeibiwa, ambaye anatoa uchafu chini ya kucha zake na kuumba viumbe wawili wadogo wa kwenda kumkomboa. Hapo kwenye kucha ndipo huwa nasimama kila nikiusoma. Mtu anayebuni akiwa amekaa kwenye kiti kizuri hafikirii uchafu wa kucha. Hilo limetoka kwa mtu aliyeshika udongo.

Na Inanna aliandikiwa na mwanamke. Enheduanna, binti wa mfalme Sargoni wa Akadi, alikuwa kuhani mkuu wa mungu mwezi katika mji wa Uru, karibu mwaka 2300 KK. Mwaka 1927 wachimbaji wa Mwingereza Leonard Woolley, mtafiti wa mambo ya kale, walikuta pale Uru kisahani cha jiwe jeupe chenye picha yake akisimamia sadaka, na jina lake nyuma. Leo kiko Philadelphia, Marekani. Nyimbo zinazobeba jina lake zimetufikia katika nakala za karne nyingi baadaye, na wapo wanaobisha kama alizitunga yeye kweli. Lakini kama ni zake, basi mtunzi wa kwanza duniani tunayemjua kwa jina ni mwanamke, na alichotunga ni malalamiko: amefukuzwa hekaluni na mtu anayeitwa Lugal-Ane, mungu mwezi aliyemtumikia siku zote amekaa kimya, basi anamgeukia Inanna. Anasema kinywa chake kitamu kama asali kimevurugika. Unausikia uchungu wa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusema.

Kwa Ashera hatukubahatika namna hiyo, hakuna Enheduanna wake. Katika Biblia ya bibi kila mfalme mwema anazikata Ashera na kila mfalme mwovu anazisimamisha upya, kwa hiyo nilidhani ni aina ya mti. Sikuwa mbali sana, maana alama yake ilikuwa nguzo au mti uliosimamishwa. (Kiswahili nacho kinanichekesha hapa: wingi wa mungu ni miungu, pamoja na miti na mikoko. Ni ajali ya ngeli tu, lakini nimeipenda.) Mwaka 1928 mkulima mmoja wa pwani ya Syria aligonga jiwe la kaburi kwa jembe lake, na kaburi hilo likawaongoza wachimbaji hadi kwenye mji wa Ugarit, uliofukiwa karibu na hapo. Kwenye vibao vyake vya udongo kuna Athirat, mke wa El mkuu wa miungu, mama wa wana 70. Kisha mwaka 1975 na 1976, kwenye kituo cha wasafiri huko Sinai kinachoitwa Kuntillet Ajrud, vikapatikana vipande vya mitungi mikubwa ya karibu mwaka 800 KK. Vimeandikwa dua, na mojawapo inambariki mtu kwa "Yahwe wa Samaria na Ashera wake". Yahwe ndiye Mungu wa Israeli mwenyewe.

Ashera wake. Maneno mawili yaliyokwisha kula wino wa maprofesa kwa miaka hamsini. Je, ni mke, au ni ile nguzo tu iliyosimama kando ya madhabahu? Mimi si mtaalamu na sitajitia kimbelembele, ila naona aliyeandika dua ile kwenye mtungi hakuwa anajibu mdahalo. Alikuwa safarini na alitaka afike salama, akataja wote aliowazoea. Na Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 23, kinaposimulia jinsi mfalme Yosia alivyoitoa Ashera ndani ya hekalu la Yerusalemu na kuichoma, kinadondosha kwa bahati mbaya kwamba mle hekaluni kulikuwa na vyumba ambamo wanawake walikuwa wakifuma kwa ajili yake. Mvunjaji ndiye aliyetuachia habari za vitanda vya mfumi.

Mfano wa Artemi wa Efeso unachekesha zaidi. Sanamu zake maarufu zina kifua kilichojaa vitu vya mviringo, safu juu ya safu, na ukiuliza mtu yeyote atakwambia ni maziwa. Lakini wanaoshikilia maziwa tangu zamani ni waandishi wa Kikristo, Jerome mmojawapo, waliokuwa wakimdhihaki. Ukiangalia vizuri, havina chuchu. Wapo wanaosema ni mayai, wapo wanaosema ni korodani za fahali wa sadaka, wapo wanaosema ni mapambo ya vazi tu. Nafikiri Waefeso wenyewe wangetucheka.

Ila Matendo ya Mitume sura ya 19 siiachi ipite, kwa sababu ni tukio ambalo yeyote aliyewahi kukaa karibu na soko la mafundi anaweza kuliona. Demetrio mfua fedha anawakusanya wenzake wanaotengeneza vihekalu vidogo vya fedha vya Artemi. Anaanza na biashara: huyu Paulo anatuharibia riziki. Halafu, baada ya riziki, ndipo anakumbuka heshima ya mungu. Mji unafurika kwenye ukumbi wa michezo, watu wanapiga kelele kwa muda wa saa mbili kwamba Artemi wa Waefeso ni mkuu, na mwandishi anaongeza kwamba wengi wao hawakujua hata wamekusanyikia nini. Hekalu lenyewe lilikuwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia. Plinio, mwandishi wa Kirumi, alihesabu nguzo 127. Mwingereza John Turtle Wood alilitafuta kwa miaka, akalifikia mwishoni mwa 1869 likiwa limezama kwenye tope. Leo, karibu na mji wa Selçuk nchini Uturuki, imesimamishwa nguzo moja ya vipande vilivyookotwa, na korongo hujenga kiota juu yake.

Rafiki yangu wa chuoni nilimletea habari za Lata nikiwa na miaka zaidi ya thelathini, kwa simu. Nilimwambia kwamba Herodoto, mwanahistoria wa Kiyunani wa karne ya 5 KK, alikwisha kumtaja kama mungu wa Waarabu, na kwamba kule Palmyra, Syria, mlangoni mwa hekalu lake palikuwa na simba wa jiwe la chokaa mwenye urefu wa zaidi ya mita tatu, na swala amekaa katikati ya miguu yake. Simba haumi swala, anamlinda. Kwenye mguu mmoja yamechongwa maneno ya kumwombea baraka za Lata yeyote asiyemwaga damu ndani ya eneo lile. Wachimbaji wa Kipolandi walimpata mwaka 1977. Mwaka 2015 wapiganaji wa Dola la Kiislamu wakampondaponda, kisha mafundi wakamuunga tena, akawekwa Damascus. Rafiki yangu alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Hayo ya damu hatukuambiwa." Kisha akaniuliza bei ya vitunguu Tanga.

Hapa niseme linalonikera. Ukitafuta habari hizi mtandaoni utakuta watu wanaowasukuma wote kwenye gunia moja: Inanna ndiye Isis wa Misri, Isis ndiye Artemi, wote ni Mama Mkuu mmoja, na zamani dunia nzima ilitawaliwa kwa upole na wanawake mpaka wanaume walipoiharibu. Upole upi? Muulize Dumuzi, mume wa Inanna, aliyekabidhiwa kwa mashetani wa kuzimu na mkewe mwenyewe ili yeye atoke, kwa kosa la kukutwa amevaa vizuri badala ya kulia matanga. Nakubali kwamba kuwachanganya hakukuanza leo. Mwandishi Apuleius wa Madauros, katika Algeria ya sasa, karne ya 2, alimfanya Isis ajitambulishe kwa majina ya karibu kila mungu wa kike wa bahari ya Mediterania, kisha aseme kwamba wanaojua jina lake la kweli ni watu wa Ethiopia na Misri. Lakini angalau yeye alimwachia kila mji jina lake.

Narudi kwa wanawake wa mikate, kwa sababu habari yao haikuishia sura ya 7. Bibi na mimi tulifika sura ya 44 siku moja kabla sijarudi shule. Yerusalemu umeshaanguka, Wababeli wameuchoma, na waliobaki wamekimbilia Misri wakimburuta Yeremia pamoja nao. Kule ugenini nabii anawaambia kwamba hayo yote yamewapata kwa sababu ya uvumba na mikate. Na wao wanamjibu. Katika Biblia nzima sijui mahali pengine ambapo watu wanaokaripiwa wanapewa nafasi ndefu namna ile ya kujitetea. Wanasema: tulipokuwa tukimfukizia malkia wa mbinguni tulikuwa na chakula tele, tulikuwa salama. Tangu tulipoacha, tumepungukiwa na kila kitu, upanga na njaa vimetumaliza. Na wanawake wanaongeza: kwani tulipompikia mikate, waume zetu hawakujua?

Nilipokuwa mtoto nilidhani ni ukaidi. Siku hizi nahesabu miaka. Usafi mkubwa wa Yosia unawekwa karibu mwaka 622 KK. Mwaka 609 Yosia mwenyewe anauawa Megido na Wamisri. Mwaka 597 Wababeli wanachukua mfalme na mafundi. Miaka kumi baadaye mji umekuwa majivu. Mwanamke aliyekanda unga akiwa binti, akaambiwa acha, akaacha, kisha akaona hayo yote mfululizo kabla hajazeeka, alikuwa na hoja. Yeremia alikuwa na hoja yake pia, na ndiye aliyekuwa na mwandishi, Baruku. Lakini alimwacha Baruku aandike na yao, na kwa hilo namheshimu.

Neno analotumia Yeremia kwa mikate ile si neno la kawaida la Kiebrania. Limetokana na *kamanu* la Kiakadi, lugha ya Babeli na Ashuru, mkate mtamu ambao Ishtar alitolewa, pengine ukiwa umeokwa kwenye majivu ya moto. Katika utenzi wa kale wa Babeli unaomhusu Gilgameshi, shujaa huyo anapomkataa Ishtar na kumsomea orodha ya wapenzi aliowatupa, mmoja ni mchungaji aliyekuwa akimrundikia mikate ya majivu kila siku. Akageuzwa mbwamwitu.

Mwezi uliopita nikajaribu kuipika. Unga wa shayiri, tende zilizopondwa, asali kidogo, mafuta ya ufuta. Jiko la mkaa uani, majivu ya moto, mikate nikaifukia. Ya kwanza iliungua nje, mbichi ndani. Ya pili ilijaa mchanga wa mkaa, ukiuma unasikia kwenye meno. Ya tatu nikaifunga kwa majani ya mgomba, ambayo najua Yerusalemu hayakuwapo, lakini nilishachoka.

Mama yangu akatoka ndani. Yeye yumo katika umoja wa wanawake wa parokia na pua yake haikosi jambo.

"Unampikia nani?"

Nikamweleza yote, Yeremia, Yosia, simba wa Palmyra, mpaka kucha za Enki. Alisikiliza huku anakung'uta majivu kwenye mkate mmoja kwa upande wa kanga yake, kama bibi alivyokuwa akikung'uta muhogo. Akamega, akatafuna taratibu, akitazama juu ya ukuta wa jirani.

"Chumvi hujatia," akasema, akanyoosha mkono kuchukua wa pili.